Nukta, Mistari na Madoa: Kuikagua Runinga Bapa ya Mtumba

Picha yoyote kwenye runinga bapa imejengwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli, zilizopangwa safu kwa safu juu ya kioo. Nukta moja ikikwama, safu moja ikikatika au sehemu ya kioo ikififia, jicho huiona kasoro hiyo upesi, na likishaiona haliachi kuitazama. Kwa runinga mpya, jambo hilo huishia dukani kwa waranti. Kwa runinga ya mtumba, iwe imenunuliwa Kariakoo, Darajani au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, waranti aghalabu haipo, au ni ya mdomo tu. Hapo mnunuzi hubaki na swali moja lenye uzito kuliko mengine yote: kasoro iko kwenye kioo chenyewe, au iko nje ya kioo?

Uzito wa swali hilo unatokana na bei. Kioo ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya runinga. Kikifa, gharama ya kutafuta kingine hukaribia bei ya runinga nzima, na kwa mtumba mara nyingi huipita. Kasoro iliyo kwenye waya, bodi au taa ni jambo jingine: fundi mzuri huimaliza kwa gharama ya wastani. Kila kasoro ina sura yake, na anayezijua sura hizo hupata jibu kabla hajatoa pesa mfukoni.

Nukta inavyofanya kazi

Runinga bapa nyingi zilizoko sokoni ni za LCD, zikiwemo zile zinazouzwa kwa jina la LED. Majina hayo mawili yanatofautishwa na taa tu: za zamani zinamulikwa na mirija myembamba ya fluoresenti, za baadaye zinamulikwa na vitaa vya LED, lakini kioo ni cha aina ile ile. Ndani yake mna fuwele kimiminika, maada inayotiririka huku molekuli zake zikijipanga kwa utaratibu. Tabia yake ya kushangaza ilibainishwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, na mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ikaonyesha hadharani kwamba maada hiyo inaweza kutengenezewa skrini, kwa sababu umeme ukipita molekuli hubadili mkao na mwanga unaopenya hubadilika nao.

Nukta ya LCD ni mfano wa dirisha lenye pazia mbele ya taa isiyozimwa. Taa huwaka nyuma ya kioo muda wote. Fuwele kimiminika, ikisaidiana na karatasi mbili za kuchuja mwanga, ndiyo pazia, na transista ndogo iliyojengwa juu ya kioo ndiyo inayolifungua na kulifunga. Kila nukta ina madirisha matatu: jekundu, la kijani na la bluu. Yakifunguka yote matatu nukta huwa nyeupe. Yakifungwa yote huwa nyeusi. Rangi nyingine zote hutokana na kiasi ambacho kila dirisha limefunguliwa. Kamera ya simu ikisogezwa karibu kabisa na skrini inayoonyesha rangi nyeupe, vijistari hivyo vitatu huonekana vimesimama bega kwa bega, na nyeupe yenyewe haipo popote.

Runinga ya HD ya inchi 32 kwa kawaida ina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu, jumla 1,049,088. Ile ya Full HD, yenye 1920 kwa 1080, ina nukta 2,073,600, na ya 4K ina 8,294,400. Kwa kuwa kila nukta ina vijinukta vitatu, kioo cha Full HD hubeba vijinukta 6,220,800, kila kimoja na transista yake. Kiwandani si rahisi kutoa mamilioni hayo yote bila dosari hata moja, na ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001, ambacho baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa ISO 9241, kiliziweka skrini katika madaraja. Kwa daraja la pili, kila nukta milioni moja ziliruhusiwa kuwa na nukta mbili zinazowaka daima, mbili zilizozima daima na vijinukta vitano vyenye hitilafu. Kwa hiyo nukta moja mbovu si ushahidi kwamba runinga ilidondoshwa au ilichokonolewa na fundi. Huenda ilitoka nayo kiwandani.

Ukubwa wa nukta nao una maana. Kwenye runinga ya HD ya inchi 32, nukta moja ina upana wa karibu nusu milimita. Kwenye ya 4K ya inchi 55 haifiki theluthi moja ya milimita. Nukta iliyokufa kwenye skrini ndogo ya zamani inaweza kuudhi kuliko tatu zilizokufa kwenye skrini kubwa ya kisasa inayotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule.

Aina tatu za nukta mbovu

Ya kwanza ni nukta iliyokwama. Hubaki na rangi moja, nyekundu, kijani au bluu, au mchanganyiko wa mbili kati ya hizo, hata picha ikibadilika. Kijinukta kimoja au viwili vimegoma kufungika ilhali umeme bado unafika. Nukta ya namna hii ndiyo pekee yenye matumaini ya kupona.

Ya pili ni nukta iliyokufa. Huwa nyeusi daima na huonekana vizuri picha ikiwa nyeupe. Mara nyingi transista yake imekatika na umeme haufiki kabisa. Haiponi kwa programu wala kwa kusuguliwa.

Ya tatu ni nukta inayowaka nyeupe daima, ambayo hujitokeza picha ikiwa nyeusi. Hutokea zaidi kwenye vioo vya aina ya TN, vilivyotumika sana katika runinga ndogo za bei nafuu, kwa sababu kwenye vioo hivyo dirisha lisilopata umeme hubaki wazi. Kwenye vioo vya IPS na VA ni kinyume chake: dirisha lisilopata umeme hujifunga, na nukta yenye transista mbovu huwa nyeusi.

Jaribio la rangi tano

Muziki wenye picha za kurukaruka, ambao wauzaji wengi huuweka kwenye runinga zao, huficha kasoro. Kinachozifichua ni rangi moja iliyotulia, iliyojaa skrini nzima. Mnunuzi makini huenda sokoni na flashi yenye picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Ya sita, ya kijivu, huongezwa kwa ajili ya kutafuta madoa na vivuli. Picha hizo hutengenezwa kwenye kompyuta au simu, kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080, zikahifadhiwa kama JPEG, na flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, mfumo unaosomwa na runinga nyingi. Runinga isiyo na tundu la flashi, au ambayo tundu lake halifunguki kwa picha, hujaribiwa kwa kompyuta ndogo kupitia waya wa HDMI.

Kila rangi ina kazi yake. Nyeupe hufichua nukta zilizokufa, vivuli na wadudu. Nyeusi hufichua nukta zinazowaka na mwanga unaovuja pembeni. Nyekundu, kijani na bluu huonyesha kijinukta kipi kimegoma: nukta inayoonekana nyeusi kwenye skrini nyekundu peke yake ina dirisha jekundu bovu, na mawili yaliyobaki ni mazima. Ukaguzi hufanywa kwa kupitisha jicho polepole kutoka pembe moja hadi nyingine, umbali wa nusu mita, mahali pasipo na jua linaloangukia skrini. Kwenye kibanda kilicho wazi, kanga au shuka iliyotandazwa juu ya kichwa na runinga huleta giza la kutosha.

Kabla ya kuanza, mwangaza wa taa hupandishwa hadi mwisho kwenye menyu, na mpangilio wa picha hurudishwa kwenye ule wa kiwandani. Muuzaji anayejua kwamba taa zimechoka anaweza kuushusha mwangaza ili kasoro isionekane. Halafu runinga huachwa iwake nusu saa. Viungo vingi vilivyolegea hushika vikiwa baridi na kuachia vikipata moto, kwa hiyo runinga iliyo safi dakika ya pili inaweza kutoa mistari dakika ya ishirini. Asiye na nusu saa ya kusubiri ananunua kwa kubahatisha.

Kasoro zisizo za kioo

Kinacholalamikiwa mara nyingi kuliko chochote ni picha kukatika vipande vipande vya mraba, kuganda, kisha kuendelea. Hiyo si kasoro ya runinga. Matangazo ya dijitali hubanwa kabla ya kurushwa, na picha hugawanywa katika vipande vya mraba, kwa kawaida vya nukta 16 kwa 16. Mawimbi yakiwa dhaifu, king'amuzi hukosa taarifa za baadhi ya vipande na kuviacha vikiwa na rangi za ovyo. Antena iliyogeuka, waya ulioingia maji au mvua kubwa juu ya dishi inatosha kuleta hali hiyo. Jaribio lake ni menyu ya runinga. Menyu hutengenezwa ndani ya runinga yenyewe, haitoki hewani. Picha ikiwa imekatika huku maandishi ya menyu yakiwa safi, tatizo liko kwenye antena, waya au king'amuzi. Mistari au madoa yakipita juu ya menyu pia, tatizo liko ndani ya runinga.

Vumbi na kinyesi cha nzi juu ya skrini huweza kuonekana kama nukta zilizokufa, na huondoka kwa kitambaa laini. Wadudu ni jambo la ndani zaidi. Sisimizi na wadudu wengine wadogo hufuata joto na mwanga, wakaingia kupitia matundu ya nyuma na kufia kati ya karatasi za kusambaza mwanga zilizoko nyuma ya kioo. Hapo huonekana kama kivuli cheusi kisicho na umbo la mraba, chenye kingo zilizofifia kidogo. Nukta iliyokufa ina kingo kali na haihami. Mdudu aliye hai huhama. Akiwa hai, dawa yake ni kuzima runinga na kuwasha taa nyingine pembeni ili atoke mwenyewe. Kumbonyeza kwa kidole juu ya kioo humuua pale pale, na doa hubaki hadi runinga ifunguliwe.

Mistari

Mstari una asili tofauti na nukta. Nukta hupewa amri kupitia nyaya zilizochorwa juu ya kioo, za wima na za mlalo. Kwa mpangilio wa kawaida, kioo cha Full HD kina nyaya 5,760 za wima, moja kwa kila safu ya vijinukta, na 1,080 za mlalo. Nyaya hizo hukusanyika kwenye ukingo wa kioo na kuunganishwa na tepe nyembamba za plastiki zilizobeba chipu za kuendeshea kioo. Utepe hubandikwa kwa gundi maalumu inayopitisha umeme, kwa kugandamizwa chini ya joto. Hakuna skrubu wala risasi ya kuchomelea, na hapo ndipo udhaifu ulipo.

Mstari mwembamba wa rangi moja unaoshuka kutoka juu hadi chini ni waya mmoja kati ya hizo 5,760 uliopoteza mawasiliano. Ukanda mpana wa wima, wenye rangi mbaya au mweusi kabisa, unaonyesha utepe mzima umelegea au chipu yake imekufa. Mistari ya mlalo husababishwa na upande unaoendesha safu za mlalo, na ukarabati wake kwa kawaida ni mgumu zaidi, kwani kwenye vioo vingi vya kisasa sakiti hizo zimejengwa juu ya kioo chenyewe.

Kuna jaribio fupi ambalo mafundi hulifanya. Fremu hubonyezwa taratibu kwa kidole, pale ambapo mstari unakutana na ukingo wa juu au wa chini. Mstari ukipotea, ukarudi au ukabadili rangi, gundi ya utepe imeachia. Hiyo ni kasoro ya kioo, ingawa inaonekana kama jambo la kuguswa tu likapona. Vipande vya mpira vinavyochomekwa ndani ya fremu ili kuugandamiza utepe huondoa mstari kwa muda, na runinga iliyotengenezwa hivyo inaweza kuuzwa ikiwa safi kabisa, kisha mistari ikarudi nyumbani. Marekebisho ya kudumu yanahitaji mashine ya kubandika tepe upya, ambayo si kila karakana inayo.

Mistari mingi iliyoenea skrini nzima, nusu ya skrini kuwa tofauti na nusu nyingine, au picha kuonekana kama filamu ya negativu, huelekeza kwingine: kwenye bodi ya T-con au waya unaoiunganisha na bodi kuu. T-con ndiyo inayopokea picha na kuigawa kwa tepe zote kwa wakati wake. Mara nyingine dawa ni kuchomoa waya huo, kusafisha meno yake kwa pombe ya isopropili na kuurudisha barabara. Ikishindikana, bodi hubadilishwa, na lazima ifanane kwa namba na ile iliyotoka. Hii ndiyo kasoro inayotisha kwa sura kuliko kwa gharama, na anayeitambua sokoni anaweza kupata runinga nzuri kwa bei ndogo.

Madoa, vivuli na giza

Doa jeusi linaloenea kama wino uliomwagika, likiwa na nyufa au mistari inayotawanyika kutoka sehemu moja, ni kioo kilichopasuka. Huenda skrini ya juu ikawa laini bila mchubuko wowote, kwa sababu ufa uko kwenye tabaka za ndani. Kasoro hii haina tiba, na doa linaweza kuendelea kukua. Runinga ya namna hii inafaa kununuliwa kwa ajili ya bodi zake tu.

Miduara myeupe inayong'aa, iliyopangwa kwa umbali unaolingana, si kasoro ya kioo. Runinga nyingi za LED zina vitaa vilivyopangwa nyuma ya kioo, na juu ya kila kitaa hugundishwa lenzi ndogo ya plastiki inayotawanya mwanga. Gundi ikikauka kwa joto, lenzi hudondoka na mwanga hujikusanya mahali pamoja. Fundi huzirudisha lenzi kwa gundi inayostahimili joto. Skrini nzima kugeuka ya bluu au zambarau nako hutokana na taa: LED nyeupe ni taa ya bluu iliyofunikwa kwa fosfori ya manjano, na fosfori hiyo ikichakaa, bluu hubaki peke yake. Mistari ya taa hubadilishwa yote kwa pamoja.

Runinga yenye sauti lakini isiyo na picha hukaguliwa kwa tochi. Chumba kikiwa na giza, tochi huelekezwa kwa mshazari karibu na skrini. Picha ikionekana kwa mbali chini ya mwanga wa tochi, kioo ni kizima na taa ndizo zilizokufa. Vitaa vya LED huungwa kwa mfululizo, hivyo kimoja kikikatika huzima mstari mzima, na bodi ya umeme ikigundua hitilafu huweza kuzima taa zote. Kazi ya kuzibadilisha inahitaji uangalifu, kwa sababu kioo lazima kiondolewe, na vioo vingi vizima huvunjikia kwenye hatua hiyo. Ni vyema kukubaliana na fundi kabla: kioo kikivunjika mikononi mwake, nani atabeba hasara?

Plasma na OLED

Runinga za plasma hazina taa ya nyuma. Kila kijinukta ni chumba kidogo chenye gesi za neoni na zenoni, ambazo hutoa mionzi ya urujuanimno ya kuwasha fosfori. Panasonic iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, na Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Kwa hiyo kila plasma iliyoko sokoni ina zaidi ya miaka kumi, na vipuri vyake hutoka kwenye plasma nyingine zilizokufa. Nukta nyekundu, kijani au bluu zinazometameta kwenye sehemu zenye giza huweza kuwa dalili ya chumba kilichochoka au bodi isiyotoa volti sahihi.

OLED hutengeneza mwanga kwenye kila kijinukta. Adui yake mkubwa ni picha kuchomeka: nembo ya kituo au ukanda wa habari uliokaa mahali pamoja kwa maelfu ya saa huacha kivuli kisichofutika, kwa sababu vijinukta vya hapo vimechakaa kuliko vya jirani. Runinga iliyotoka hotelini, uwanja wa ndege au dukani, ambako kituo kimoja kilionyeshwa mchana kutwa, hukaguliwa kwa makini kwenye pembe na sehemu ya chini, kwa rangi ya kijivu kisha nyekundu. Runinga za OLED zina kazi ya kusawazisha nukta ndani ya menyu, ambayo hupunguza vivuli vyepesi, lakini kivuli kilichozama hubaki. LCD nayo huweza kushika kivuli cha picha iliyosimama, ila hicho kwa kawaida huisha runinga ikizimwa kwa saa kadhaa au ikiachwa ionyeshe rangi nyeupe.

Kujaribu kuiokoa nukta iliyokwama

Hatua ya kwanza haina gharama. Runinga huchomolewa kwenye umeme, kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki itoke, kisha huachwa ipumzike usiku kucha. Baadhi ya nukta zilizokwama hurudi zenyewe.

Hatua ya pili ni kuizoeza nukta kufungua na kufunga. Video inayobadilisha rangi nyekundu, kijani na bluu kwa kasi huchezwa kwa nusu saa, na kama kuna mabadiliko hurudiwa kwa saa chache. Matokeo hayana uhakika, lakini kwa LCD madhara yake ni madogo. Watu wenye kifafa, na watoto, hawapaswi kuitazama, kwa kuwa mwanga wa kumetameta unaweza kuamsha kifafa. Runinga hugeuziwa ukutani au chumba hufungwa.

Hatua ya tatu, kuikanda nukta kwa ncha butu iliyofungwa kitambaa laini, hutajwa sana na mafundi wa mitaani. Imewahi kusaidia, na imewahi kuua nukta za jirani. Runinga ikiwa imezimwa, mkandamizo mwepesi wa sekunde chache ndio mwisho wa uangalifu. Nguvu zaidi ya hapo hupasua tabaka za ndani. Kwa OLED hatua hii haifai kabisa. Nukta ikiwa pembeni na haisumbui, busara ni kuiacha.

Kufungua mfuniko wa nyuma ni kazi ya fundi. Kapasita kubwa ya bodi ya umeme inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya runinga kuchomolewa. Mirija ya fluoresenti ya runinga za zamani ina zebaki, na haifai kuvunjwa wala kuchomwa motoni pamoja na takataka.

Kasoro na bei

Baada ya ukaguzi, kasoro hugawanyika katika mafungu matatu. La kwanza ni zile za kuvumilika: nukta moja au mbili mbali na katikati, mdudu aliyefia ndani, kivuli chepesi kwenye rangi ya kijivu. Hizi ni sababu ya kupunguziwa bei na si sababu ya kuondoka. La pili ni zile za kutengenezeka: taa, lenzi, waya na bodi ya T-con. Hapa bei ya haki ni ile inayobaki baada ya kuondoa vipuri, ufundi na kiasi cha tahadhari, na fundi huulizwa kabla ya kulipa. Namba ya kioo na ya bodi, zilizoandikwa kwenye vibandiko vya ndani, ndizo atakazohitaji ili kutaja bei ya kweli. La tatu ni zile za kukimbiwa: ufa, mistari ya mlalo, ukanda mpana wa wima, mstari unaocheza fremu ikiguswa, na kundi la nukta zilizokufa mahali pamoja, ambalo ni dalili ya kioo kilichogongwa.

Runinga ikishanunuliwa, kilichobaki ni kutoiharibu. Husafirishwa ikiwa imesimama, kamwe isilazwe kifudifudi wala chali juu ya mizigo, kwani kioo kilicholala hupinda kila gari likiruka shimo. Nyumbani husafishwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo sana na kukamuliwa, ikiwa imezimwa. Maji yakinyunyizwa moja kwa moja juu ya skrini, tone hushuka, hupenya kwenye mwanya wa fremu na kufika kwenye ukingo wa chini, ambako runinga nyingi za miaka ya karibuni zina tepe zake. Shaba hushika kutu, gundi huachia, na baada ya wiki kadhaa mstari wa kwanza hujitokeza. Hewa ya chumvi ya pwani hufanya kazi ile ile polepole zaidi, kwa hiyo ukuta mkavu usioelekea dirisha la bahari ni bora. Mwangaza wa taa ukishushwa kidogo chini ya kiwango cha juu, vitaa hupata joto dogo na hudumu zaidi, na kifaa cha kulinda volti huzikinga bodi umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo.